Mvua Haisubiri Zabuni

Kwenye barabara za kupanda miinuko ya Muleba hakuna geti. Hakuna bango linalosema njia imefungwa hadi Juni, hakuna askari wa kukugeuza, wala tangazo redioni. Unaiacha lami pale Muhutwe, unakunja kulia kuelekea Kamachumu, au unaingia njia yoyote ya wilaya inayoparamia mlima, na habari kwamba njia imefungwa unaipata mwenyewe, usukani umeukata kushoto na gari linaendelea kwenda kulia.

Wenzetu wamelifanya jambo hili kuwa ratiba. Barabara ya Stelvio nchini Italia, inayopita juu ya Alps kwenye kimo cha mita 2,757, hufungwa theluji inapoanza kukaza na kufunguliwa tena Mei ikielekea Juni. Msafiri anapanga likizo yake akijua hivyo, mwenye hoteli anaajiri watu akijua hivyo. Hapa hapa Tanzania, kambi nyingi za watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hufunga Aprili na Mei bila kuona haya. Masika ni masika. Na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, mtu wa Lindi au Mtwara alijua kwamba mvua kubwa zikishika, njia ya Dar es Salaam aihesabu kuwa haipo. Kagera tumebaki katikati. Barabara zetu hazifungwi, ila hazipitiki.

Mimi ni mwenyeji ninayesumbuliwa kila mwaka na ndugu na marafiki wanaotaka kuizunguka Kagera kwa gari: Wahaya waliozaliwa Dar es Salaam wanaotaka kuwaonyesha watoto kibanja cha babu, na wageni waliosikia kwamba huku kuna milima inayotazama ziwa. Mzunguko ninaowapa ni mfupi na mzuri. Unatoka Bukoba mjini kwenda kusini, unapita Kyetema na Kemondo, unafika Muhutwe. Hapo unapanda. Juu ni Kamachumu, na Hospitali ya Ndolage iliyojengwa na Walutheri, na ukingo wa mawe unaokatika ghafla upande wa mashariki. Siku ya hewa safi unaona Ziwa Victoria na visiwa vya Muleba, Bumbire kikiwemo, kile ambacho mpelelezi Stanley alikishambulia kwa bunduki mwaka 1875 na kuua wenyeji wengi. Katika mzunguko huo unaingia Kashasha, kulikoanzia kile kicheko cha ajabu cha Januari 1962, wasichana wa shule wakacheka na kulia hadi shule ikafungwa tarehe 18 Machi, kisha kicheko kikahamia Nshamba. Sijui kitu kingine katika njia hii kilichowahi kufungwa kwa tarehe inayojulikana. Baada ya Nshamba na Rubya unashuka Muleba mjini, unashika lami, unarudi Bukoba, kama kilomita sabini, ukiwa na ziwa mkono wa kulia.

Kwenye ramani ni safari ya siku moja. Kwa mtu wa Arusha aliyezoea kupanga kwa kilomita, hata siku nzima ni nyingi. Tatizo linaanzia hapo hapo, kwa sababu Muleba haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa mvua.

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma, ambako bajeti ya barabara zetu hupitishwa, hupata chini ya 600. Aprili peke yake Bukoba inaweza kupokea zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima ya Dodoma. Chanzo ni ziwa: usiku hewa ya nchi kavu hushuka majini kutoka pande zote, wingu linajikusanya juu ya maji, halafu upepo wa mashariki unalisukuma huku kwetu. Linafika alfajiri, linagonga miinuko, linamwaga. Ukienda magharibi mvua inapungua haraka, na ukifika Karagwe uko katika nchi nyingine kabisa, ya ng'ombe na nyasi fupi. Kwa hiyo mtu aliyekuambia kwamba Kagera barabara ni kavu huenda hakudanganya. Muulize tu alikuwa Kagera ipi.

Miinuko hii ni ya mawe ya mchanga, imejipanga sambamba na ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na kati yake kuna mabonde mapana ya mafunjo. Juu kwenye uwanda, kwenye nyasi za rweya, udongo una mchanga mwingi na maji hunywewa upesi. Mvua ikikatika asubuhi, adhuhuri unapita bila shida. Barabara inafia sehemu mbili, kwenye mteremko na bondeni. Kwenye mteremko maji yanakimbia katikati ya njia na kuchimba mfereji hadi mwamba unatokeza. Bondeni tuta linakaa juu ya tope lisilo na mwisho, kalavati zinaziba kwa majani na matope, maji yanapanda, na tuta linaanza kutitia. Greda likipita juu ya uwanda wote likauacha umenyooka na kupendeza, bado hujasaidiwa kitu ikiwa kalavati moja bondeni imeziba. Kilomita nzuri arobaini hazina kazi mbele ya mita thelathini mbaya.

Nimeona michoro ya barabara za namna hii, na haina kosa. Mteremko umeoneshwa, mitaro ipo pande zote mbili, na kila baada ya umbali fulani kuna mfereji wa kuchepusha maji yatoke barabarani kabla hayajapata nguvu. Kanuni ndiyo hiyo duniani kote: usiyaache maji yasafiri na barabara. Lakini nenda ukasimame pale mfereji unapotakiwa kutokea. Pembeni ya barabara kuna mgomba. Nyuma ya mgomba kuna mibuni, nyuma ya mibuni kuna nyumba, na kati ya nyumba na mibuni kuna kaburi la mzee aliyepanda mibuni hiyo. Kibanja cha Mhaya hakina uchochoro wa kumwagia maji ya serikali. Ardhi iligawanywa zamani, ikagawanywa tena kwa wana, na kwa wajukuu. Maji ya kilomita nzima ya mlima yakiingia hapo kwa masika moja, migomba inang'olewa na mbolea ya miaka hamsini inaondoka.

Mwenye kibanja anafanya ambalo wewe na mimi tungefanya. Usiku, au hata mchana, anaziba mfereji. Anaweka magogo ya migomba, anashindilia udongo, na maji yanarudi barabarani, yanashuka hadi kwa jirani ambaye naye ameziba. Yakifika chini, ni mto. Mhandisi akirudi anaandika kwamba wananchi wanahujumu miundombinu. Mwananchi akiulizwa anasema barabara imeletwa kumuua. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna mstari kwenye mkataba wa ujenzi unaolipia siku mbili za kukaa kwenye benchi na ukoo, kumsalimia mama mwenye kibanja kwa heshima yake, kumsikiliza hadi amalize, na kukubaliana maji yatokee wapi, labda mita themanini mbele penye rweya isiyo na mtu. Kazi hiyo ni rahisi kuliko saruji. Kwa kuwa haina bei kwenye jedwali la gharama, haifanyiki, na saruji inasombwa.

Hiyo ni habari ya maji. Ya fedha ina ugumu wake, na huo msafiri hauoni kabisa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bunge linapitisha bajeti Juni. Baada ya hapo fedha zinashuka kwa awamu, zabuni inatangazwa, wazabuni wanashindanishwa, mshindi anapatikana, mkataba unasainiwa, mkandarasi analeta dhamana, anatafuta greda la kukodi, analipeleka. Hakuna hatua hapo unayoweza kuiita uzembe; kila moja iliwekwa ili fedha za umma zisiliwe. Sasa weka kalenda ya mvua pembeni yake. Kiangazi chetu cha maana ni Juni, Julai na Agosti. Vuli huku haisubiri Oktoba kama pwani. Septemba mara nyingi matone yameshaanza. Yaani miezi mitatu ambayo ardhi inaruhusu kazi ndiyo hiyo hiyo ambayo karatasi zinatembea kutoka meza hadi meza. Karatasi zikikamilika, wingu nalo limekamilika. Ndipo unaposikia kauli tunayoijua wote: mkandarasi yuko saiti. Ni kweli yuko. Amekaa chini ya turubai na mafundi wake, anaangalia mvua.

Mvua kidogo, kwa haki yake, inasaidia. Moramu kavu haishikani. Inahitaji unyevu wa kiasi ndipo rola la kushindilia lifanye kazi, na Julai mkandarasi hulazimika kuleta gari la maji. Lakini moramu iliyomwagwa Novemba na kulowa kabla haijashindiliwa inakuwa uji. Baya zaidi ni kuchonga barabara mvua ikiwa mlangoni. Gamba gumu la juu, lililoshindiliwa bure na matairi ya miezi kadhaa, linakwanguliwa, udongo unalegezwa, greda linaondoka, na mvua ya kwanza inaubeba wote hadi kwenye kalavati. Kuna barabara zilizokuwa zinapitika hadi siku zilipochongwa. Wananchi wanalalamika kwamba barabara yao haijachongwa, mwakilishi wao anapiga simu, greda linakuja Oktoba, kila mtu anapiga makofi. Mimi siku hizi nikisikia greda Oktoba naahirisha safari ya wageni wangu.

Mikataba nayo ina kipengele cha nyongeza ya muda mkandarasi akikwamishwa na hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida. Kipengele cha haki kabisa. Ila milimita mia mbili kwa mwezi mmoja hapa Bukoba si jambo lisilo la kawaida, ni Novemba. Ukikubali kwamba mvua ya Novemba ni dharura, utakuwa na dharura kila mwaka, na kila mwaka ripoti itasema kazi imefikia asilimia fulani na imechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo.

Lazima niseme pia kwamba mzigo wenyewe ni mkubwa. TARURA, iliyoanza kazi 2017 kuchukua barabara za wilaya kutoka halmashauri, ina mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, na sehemu kubwa ni udongo mtupu. TANROADS ina barabara kuu na za mikoa, kama robo ya hizo. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini, na mtu anayejaza pikipiki pale Muleba anailipa kama anayejaza V8 Masaki. Fedha hiyo imefanya kazi inayoonekana. Hata hivyo shilingi haibadilishi mwezi. Kama ningepewa kuomba jambo moja tu, nisingeomba nyongeza ya bajeti. Ningeomba mikataba ya matengenezo ya mikoa yenye mvua kama hii isainiwe kwa miaka miwili au mitatu kwa pamoja, ili mkandarasi awe tayari ana greda Juni ya mwaka wa pili, mvua inapokatika, badala ya kuanza zabuni upya.

Kuna lililofanyika vizuri, na lilianza kama upungufu. Barabara ya Muhutwe, Kamachumu hadi Muleba ni kilomita 54, na lami yake imekuwa ikija kwa vipande. Wapo wanaoona vipande kama aibu. Kwangu kipande kikiwekwa penye mteremko mkali ni akili: lami au zege kidogo pale gari linapoteleza, makalavati ya maana bondeni, halafu udongo mzuri wa rweya uachwe ufanye kazi yake huko juu. Barabara ya namna hiyo haifai kwa picha ya ufunguzi, kwa kuwa utepe hujui uukate wapi. Lakini gari la wagonjwa linalopeleka mjamzito Ndolage au Rubya halihitaji utepe.

Na kahawa haiuhitaji pia. Msimu wa kuvuna robusta huanza Mei au Juni. Mkulima ambaye barabara yake imekufa Aprili na haijafufuka anaona gunia litakalokaa ndani, ada ya shule mbele, na mnunuzi wa butura anayekuja kwa pikipiki kununua kahawa ingali maua. Wanaopigana na butura huzungumzia tamaa ya walanguzi, na tamaa ipo. Mimi naongeza kalavati. Chama cha msingi ambacho lori haliwezi kukifikia kinashindwa na mtu yeyote mwenye pikipiki na fedha taslimu.

Nirudi kwa wageni wangu. Ushauri wa kitabuni ni mwepesi: njoo kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara kavu. Nao una kasoro, kwa sababu kiangazi ndicho kipindi cha kuchoma rweya. Moshi unapanda, vumbi linapanda, na mwisho wa Julai mtu aliyesafiri kutoka mbali anasimama kwenye ukingo wa Kamachumu anaangalia ukungu wa kijivu mahali ziwa linapotakiwa kuwa. Barabara imempitisha, mandhari imemkatalia. Aje Novemba: hewa imeoshwa, kila kisiwa kinaonekana, maporomoko madogo yanashuka kwenye mawe ambayo Agosti ni makavu, na usiku watu wamewasha taa kali na kusimamisha mabati kukamata senene. Mhaya wa Dar es Salaam ambaye watoto wake hawajawahi kuona senene wakitua kwenye mabati hajawaonyesha Kagera. Kilicho kizuri kuliko vyote kinakuja na tope.

Kwa hiyo sikwepi mvua, naipanga ndani ya safari. Kwanza saa. Nchi nzima tumefundishwa kuondoka alfajiri. Upande huu wa ziwa alfajiri ndiyo saa ya mvua, kwa hiyo nawaambia wanywe chai Bukoba taratibu, waondoke saa nne, udongo ukiwa umeanza kukauka na magari mawili matatu yamekwisha kupima njia. Wakivuka kwenda Karagwe wageuze hesabu, kule mvua hupenda alasiri. Pili, nalazimisha usiku mmoja juu, Kamachumu, hata kama hawauhitaji. Usiku huo ndio geti letu. Mvua ikipiga asubuhi hawashuki, wanakaa, wanakula ndizi, wanashuka kesho.

Tatu ni kuuliza, na hapa wengi wanakosea mtu. Ukimuuliza mwenye duka atakujibu kwa wema: inapitika. Hapendi kukuvunja moyo. Muulize kijana wa bodaboda pale Muhutwe, naye kabla ya kukujibu atakuuliza: kaka, una gari gani? Swali hilo ni nusu ya jibu. Kisha atakwambia bonde gani lina maji, na kama Probox za abiria zimepanda leo au zimeishia chini. Probox ndiyo kipimo. Ikiwa imebeba watu tisa na kuku ikapanda, gari lako litapanda. Wenye magari hayo wakianza kugeuza abiria, rudi lamini, hata kama simu yako inaonyesha mstari wa buluu hadi Rubya.

Siku hizi nawaambia wengi waje kwa barabara. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na Mwanza hadi Bukoba hakuna tena foleni ya kivuko. Kwa wenye umri wangu hilo si jambo la utalii. Tulikuwa watu wa meli kwa kukosa njia nyingine, na tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama, tukapoteza mamia ya walioipanda hapa mjini na Kemondo. Na Novemba 6, 2022, saa tatu kasoro ya asubuhi ya Jumapili, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, 19 walifariki. Mgeni anayeniuliza kwa nini namsisitizia awe na siku ya ziada mwishoni mwa safari, isiyopangiwa chochote, namweleza hivyo hivyo bila kupamba.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi–Chato, na mwaka huo huo Ibanda–Kyerwa na Rumanyika–Karagwe zikapandishwa hadhi. Kwenye mipango ya utalii kuna mishale inayounganisha hifadhi hizo na Bukoba, na Muleba iko katikati ya mishale. Ningependa mishale hiyo iwe na miezi. Taarifa zipo: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika kwa kanda, Kagera ikitajwa. Mhandisi wa wilaya anazijua kalavati zake zinazoziba. Kijana wa Muhutwe anajua ya leo. Karatasi moja yenye vipande vibaya vya wilaya, ikibandikwa stendi ya Bukoba na ya Muleba na kubadilishwa kila wiki kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, haihitaji zabuni. Inahitaji mtu, kalamu na simu.

Mwaka huu ndugu zangu nimewapangia wiki za mwisho za Mei. Mvua inakatika, moshi wa rweya haujaanza, kahawa za kwanza zinaiva. Juu ya yote, ni mwisho wa mwaka wa fedha, na magreda yatakuwa njiani kumalizia fungu kabla ya Juni 30, kwa hiyo nimewaambia wasishangae wakikuta foleni ya mitambo Kamachumu, na walipe usiku wa pili mapema kabisa.